Mastaa wa zamani nao walikuwa wanasafishwa sura kwenye picha
Wakusanyaji wengi wa zile picha za studio za mastaa wa Hollywood, za nyeusi na nyeupe za miaka ya 1930, wanaamini ngozi ile laini ni ya asili kwa sababu eti Photoshop haikuwepo. Hapana jamani. Mpiga picha George Hurrell alikuwa anawapiga picha mastaa wa MGM, studio ya filamu ya Hollywood, kwa negativu (filamu ambayo mwanga na giza vimegeuzwa) kubwa za inchi 8 kwa 10, halafu fundi anakaa na penseli iliyochongoka anachora juu ya negativu yenyewe, maana kwenye negativu doa la usoni linatokea jeupe, ukiliongezea giza kwa penseli basi kwenye karatasi linapotea kabisa. Mwigizaji Joan Crawford alikuwa na vidoadoa kibao usoni, kwenye picha zilizotolewa huvioni! Ukibahatika kupata negativu ya wakati ule iinamishe kwenye mwanga, alama za penseli zinang'aa, na kwangu mimi hiyo kazi ya mkono ni uzuri mtupu.