Je, wajua kwa nini mmea hunyauka mchana ilhali udongo umelowa?

Mmea wa maboga unaweza kuamka umesimama imara, na ifikapo saa saba mchana majani yake yakawa yamelegea, ingawa ukichomeka kidole ardhini unakuta unyevu. Wengi hukimbilia ndoo. Mara nyingi maji hayo hayahitajiki, na huenda yakauletea mmea madhara.

Jani laini husimama kwa sababu kila seli yake imejaa maji yanayosukuma ukuta wa seli kutoka ndani. Maji yakipungua, msukumo hushuka na jani hulegea. Na hupungua upesi: zaidi ya asilimia 90 ya maji yanayofyonzwa na mizizi hurudi hewani kama mvuke kupitia stomata, vitundu vidogo mno ambavyo kwa mimea mingi viko zaidi upande wa chini wa jani. Kuvifunga moja kwa moja haiwezekani, maana kabonidayoksaidi ya kutengenezea chakula huingilia hapo hapo.

Kila kitundu kimezungukwa na seli linzi mbili. Mwanga ukizifikia, huingiza potasiamu, maji yakaifuata, seli zikavimba na kujipinda, na kitundu kikafunguka. Udongo ukianza kukauka, homoni iitwayo asidi ya absisiki huzifanya ziachie potasiamu. Zinanywea na kitundu kinafunga. Mkonge na nanasi zina mbinu ya ajabu zaidi: hufungua stomata usiku, hewa ikiwa na ubaridi, huhifadhi kaboni kama asidi, kisha huitumia mchana vitundu vikiwa vimefungwa.

Mvuke unapotoka jani huvuta maji yaliyo chini yake, hadi mizizini, kwa kuwa molekuli za maji hushikana. Jua likiwa kali na hewa kavu, majani hupoteza maji kwa kasi ambayo mizizi haiwezi kuifikia. Usiku stomata hufunga, mizizi ikaendelea kufyonza, na kufikia asubuhi upungufu umefidiwa. Matone unayoyaona kwenye ncha za majani alfajiri si umande kila mara. Mengine ni maji yaliyosukumwa na mizizi kutoka chini.

Kwa hiyo kipimo cha kweli ni alfajiri. Mmea uliosimama wakati huo hauna shida. Uliolegea una tatizo, na hapo chimba sentimita 5 hadi 10. Udongo ukiwa mkavu, mwagilia polepole mpaka maji yafike kwenye mizizi.

Ukiwa umelowa chepechepe, usiongeze hata tone. Mizizi nayo hupumua. Maji yakijaza nafasi za hewa udongoni, oksijeni hukosekana, njia za maji kwenye utando wa seli za mizizi hujifunga, na mmea huona kiu umesimama majini. Ng'oa mche mmoja uutazame: mizizi mizima ni myeupe na migumu kidogo, iliyooza ni ya kahawia, inateleza na inanuka. Fungua mfereji, au toboa chungu.

Mbolea ya chumvichumvi ikirundikwa karibu na shina huleta dalili kama hizo, kwani chumvi nyingi udongoni huyazuia maji kuingia mizizini, hata huyatoa. Kingo za majani huungua kwanza. Suuza udongo kwa maji mengi, mradi yapate pa kutokea.

Nyanya, bilinganya au viazi vikinyauka ghafla vikiwa bado kijani, shuku mnyauko bakteria. Kata kipande cha shina karibu na ardhi, kining'inize ncha ikiwa ndani ya glasi ya maji safi, usikitikise. Nyuzi nyeupe kama maziwa zikianza kushuka baada ya dakika chache, ndio wenyewe. Dawa ya kuuponya mmea huo hakuna. Ung'oe pamoja na mizizi yake, usiutupe kwenye mboji, na usipande hapo zao la jamii hiyo msimu unaofuata.