Bafa ya diski ianzie wapi: upangiliaji wa kumbukumbu ndani ya draiva za hifadhi

Ukifungua msimbo wa draiva nyingi za hifadhi utakuta nambari 4096 imetapakaa kila mahali, kana kwamba ndiyo jibu la kila swali la upangiliaji, yaani anwani ya bafa (eneo la kumbukumbu linaloshikilia data) igawanyike kwa nambari gani. Mara nyingi inafanya kazi, kwa sababu anwani inayogawanyika kwa 4096 inagawanyika pia kwa 512, kwa 128 na kwa 4. Tatizo ni kwamba inaficha nani anadai nini. Kidhibiti, yaani chipu inayoendesha diski, kina sharti lake, kache ya prosesa ina lake, kerneli (kiini cha mfumo endeshi) ina lake, na programu ya mtumiaji inaleta bafa yake jinsi ilivyo. Draiva ikichukua sharti la mmoja ikadhani ni la mwingine, data huharibika, na aghalabu huharibika bila logi kusema neno.

Sharti la kidhibiti

Tuanze na kidhibiti, maana hiki hakibembelezwi. Katika NVMe, itifaki ya diski za SSD, amri ya kusoma au kuandika inayotumia PRP (njia ya kuonyesha data iko kwenye kurasa zipi za kumbukumbu) hubeba anwani mbili, PRP1 na PRP2. PRP1 inaruhusiwa kuanzia katikati ya ukurasa, mradi biti mbili za chini ziwe sifuri, yaani anwani igawanyike kwa 4. Kuanzia ukurasa wa pili, kila anwani lazima iwe mwanzo kabisa wa ukurasa. Data ikigusa kurasa mbili, PRP2 ni anwani ya ukurasa wa pili. Ikigusa tatu au zaidi, PRP2 hubadilika kazi: sasa inaelekeza kwenye orodha ya anwani, kila moja baiti 8.

Chukua ombi la baiti 8192 na kurasa za 4096. Bafa ikianzia 0x7F3200000, kurasa ni mbili na hakuna orodha. Ikianzia 0x7F3200E00, ukurasa wa kwanza umebakiza baiti 512 tu, wa pili unachukua 4096, wa tatu 3584. Kurasa tatu kwa urefu uleule. Draiva inayohesabu kurasa kwa kugawanya urefu kwa 4096 itapata mbili na kuweka ukurasa wa pili ndani ya PRP2. Kidhibiti chenyewe kinahesabu kwa ofseti na urefu, kinapata tatu, na kinaichukulia PRP2 kuwa orodha. Kwa hiyo kitasoma yaliyomo kwenye bafa yako kana kwamba ni anwani, kisha kimwage data huko zinakoelekeza. IOMMU (maunzi yanayochuja anwani ambazo kifaa kinaruhusiwa kufikia) ikiwepo itakizuia, isipokuwepo umeandika juu ya kumbukumbu ya mtu mwingine. Hesabu sahihi ni hii:

kurasa = (ofseti + urefu + 4095) / 4096

Ofseti hapo ni nafasi ya mwanzo wa bafa ndani ya ukurasa: (3584 + 8192 + 4095) / 4096 inatoa 3, ukitupa baki.

Je, bafa ikianzia 0x7F3200E02? Kidhibiti kinachokagua kitarudisha hali ya 13h, kosa la ofseti ya PRP. Lakini hakilazimishwi kukagua. Kisipokagua kinafanya kazi kama vile biti hizo mbili ni sifuri, na data yote inatua baiti 2 kabla ya pale ulipotaka. Ukiona data iliyosogea baiti moja, mbili au tatu, usihangaike na diski.

Kuna mtego mwingine hapohapo: ukurasa wa kidhibiti na ukurasa wa kerneli ni vitu viwili. Ukurasa wa kidhibiti huwekwa na draiva kupitia rejista ya CC, sehemu ya MPS, na ukubwa wake ni 2 kwa kipeo cha 12 + MPS. Kerneli ya arm64 inaweza kujengwa na kurasa za KiB 64. Ukitumia PAGE_SIZE, ukubwa wa ukurasa wa kerneli, kugawa vipande vya PRP kwenye mashine hiyo huku MPS ikiwa 0, kila kitu kinavunjika. Draiva ya NVMe ya Linux inabaki na 4096 kwa upande wa kidhibiti, kerneli iwe na kurasa za ukubwa wowote. Fanya hivyohivyo.

AHCI, kiolesura cha vidhibiti vya SATA, ina masharti ya aina nyingine. Bafa ya data inatakiwa kugawanyika kwa 2 tu, na kila kiingizo cha jedwali la vipande kinabeba hadi MiB 4, urefu ukiandikwa pungufu kwa moja, hivyo biti ya chini kabisa ni 1 daima. Wanaoteleza hapa huteleza kwenye miundo ya draiva yenyewe: orodha ya amri inataka anwani inayogawanyika kwa 1024, eneo la kupokea FIS (vifurushi vya ujumbe kutoka kwenye diski) linataka 256, jedwali la amri 128. Ukiomba eneo moja kwa dma_alloc_coherent, kitendakazi cha Linux cha kutenga kumbukumbu inayotumiwa na kifaa, lipange kuanzia sharti kubwa kwenda dogo, na hutapoteza baiti hata moja kujaza mapengo. Vidhibiti vya zamani vya IDE vinaongeza mpaka: kipande kisivuke mstari wa KiB 64. Mpaka haulingani na upangiliaji, kwani bafa inaweza kuanza mahali halali kabisa na bado ikavuka. Ndiyo sababu dma_pool_create inapokea vyote viwili kama hoja tofauti.

Sharti la kache

Hili ndilo linalowachosha watu, kwa sababu draiva inapita majaribio yote kwenye x86, ambako maunzi yanahakikisha kache na DMA (kifaa kusoma na kuandika kumbukumbu chenyewe bila kupitia prosesa) vinaona data ileile, kisha inaanza kuharibu data kwenye bodi ya ARM isiyo na uhakika huo.

Tazama muundo huu:

struct ombi {
    u32 hali;
    u8 bafa[512];
    u32 idadi;
};

Bafa inaanzia baiti ya 4 na kuishia ya 515. Mstari wa kache (kipande ambacho kache huhamisha kwa mkupuo) ukiwa baiti 64, mstari wa kwanza una hali pamoja na baiti 60 za mwanzo za bafa. Mstari wa mwisho unaanzia baiti ya 512 na unabeba baiti 4 za mwisho za bafa pamoja na idadi. Sasa draiva inaikabidhi bafa kwa kifaa kwa dma_map_single ili kisome sekta. Kifaa kikiwa kazini, prosesa inaongeza idadi. Mstari wote wa mwisho unaingia kwenye kache, ukiwa na zile baiti 4 za zamani. Kifaa kinaandika data mpya kwenye RAM. Baadaye kidogo kache inaurudisha mstari wake RAM, na baiti 4 za zamani zinafunika zile mpya. Vinginevyo kerneli inaubatilisha mstari kabla haujarudi, data inasalimika, lakini nyongeza ya idadi inapotea.

Alama ya ugonjwa huu ni mahali kosa linapokaa: siku zote mwanzoni au mwishoni mwa bafa, katikati kuko salama. Ukilinganisha sekta mbovu na nzima ukakuta tofauti ni baiti 4 za mwisho peke yake, umeshaupata.

Dawa ninayoipendekeza ni kuitoa bafa nje ya muundo na kuiomba kwa kmalloc. Tangu Linux 5.4, ombi la kmalloc ambalo ukubwa wake ni kipeo cha 2 hupewa anwani inayogawanyika kwa ukubwa huo, hivyo bafa ya 512 haishiriki mstari na chochote. Ukilazimika kuiacha ndani, weka __aligned(ARCH_DMA_MINALIGN) kwenye bafa na pia kwenye kiungo kinachoifuata. Wengi husahau cha pili. Kwenye arm64 thamani hiyo ni 128, na muundo wa juu unakua kutoka baiti 520 hadi 768. Steki usiiguse kabisa: kerneli zenye VMAP_STACK huiweka kwenye kumbukumbu ambayo dma_map_single haiwezi kuitafsiri kwa usahihi.

Bafa inayotoka kwa mtumiaji

Programu inayofungua faili kwa O_DIRECT, yaani bila kupitia kache ya kerneli, inabanwa mara tatu: anwani ya bafa, urefu wa ombi na nafasi ndani ya faili. Urefu na nafasi hufuata ukubwa wa bloku ya kimantiki ya kifaa, 512 au 4096. Anwani ni habari nyingine. Kwenye Linux, kila foleni ya bloku ina maski ya dma_alignment (biti za anwani ambazo lazima ziwe sifuri), kwa kawaida 511, na draiva ya NVMe huishusha hadi 3. Tangu Linux 6.0, mifumo kadhaa ya faili huipima anwani kwa maski hiyo badala ya kudai ukubwa wa bloku.

Matokeo yake ni programu zinazofanya kazi kwa bahati. Kwenye glibc ya biti 64, malloc ya bafa kubwa, tuseme MiB 1, kwa kawaida hurudisha anwani inayoishia na 010 kwa heksadesimali: mwanzo wa ukurasa na baiti 16 juu yake. Inagawanyika kwa 4, hivyo NVMe inaikubali. Hamishia programu ileile kwenye kifaa chenye maski ya 511, unapata EINVAL, kosa la hoja batili. Tumia posix_memalign, ambayo hutoa anwani yenye upangiliaji unaoutaka, na kama kerneli ni 6.1 au zaidi, uliza statx (wito unaotoa taarifa za faili) kwa STATX_DIOALIGN. Ikijibu sifuri, faili hiyo haikubali O_DIRECT. Kwenye Windows dhana ni ileile: AlignmentRequirement ndani ya DEVICE_OBJECT nayo ni maski, kwa hiyo 3 humaanisha baiti 4.

Bafa isiyofaa ikifika hadi kwenye draiva, nakili kupitia bafa ya kati. Wapo wanaojaribu kukwepa nakala kwa kukata kichwa cha ombi na kuupeleka mwili moja kwa moja. Haiwezekani. Anwani ikiwa imepotoka baiti 2 na sekta ni 512, mwanzo wa kila sekta ndani ya bafa umepotoka baiti 2 vilevile, hata ukate wapi. Nakili ombi zima. Bafa hizo ziwe zimetengwa mapema kwa mempool, na ombi lolote la kumbukumbu kwenye njia hiyo litumie GFP_NOIO, alama inayoikataza kerneli kuanzisha I/O ili ipate kumbukumbu. La sivyo, kerneli inayojaribu kuandika swapu ili ipate kumbukumbu itajikuta inasubiri draiva, nayo draiva inasubiri kumbukumbu.

Hata nakala ya kerneli yenyewe ina sharti. Kifaa kisipoweza kufikia anwani fulani, swiotlb (bafa ya kati ya kerneli) hunakili data kwenye eneo lake, na ofseti ndani ya ukurasa inaweza kubadilika. Kwa PRP huo ni msiba, kwa sababu idadi ya kurasa uliyohesabu haipo tena. Tangu 5.12 kuna dma_set_min_align_mask. Ipe 4095, na swiotlb italinda biti 12 za chini.

Kwa majaribio, washa CONFIG_DMA_API_DEBUG, ambayo hukamata bafa za kwenye steki na mistari ya kache iliyopangiwa DMA mara mbili. Kisha endesha kerneli kwa swiotlb=force ili kila ombi lipite kwenye nakala. Tuma maombi ya urefu wa sekta 1, 7, 8, 9 na 17, kila moja likianzia ofseti 0, 4, 512, 3584 na 4092 ndani ya ukurasa, ukiwa umezungushia bafa baiti za ulinzi 128 kila upande. Ofseti ya 4092 usiiruke: ukurasa wa kwanza unabaki na baiti 4 tu, na hesabu mbovu ya PRP hujitokeza hapo kabla ya kwingine kokote.