Klachi ya upande mmoja ya PTO: kazi yake kwenye trekta la zamani na namna ya kuifunga

Klachi ya upande mmoja ni kifaa kifupi cha chuma kinachokaa kati ya shafti ya PTO (shafti inayotoka nyuma ya trekta kuendesha mashine) na propela (shafti ndefu inayopeleka nguvu hiyo kwenye mashine iliyofungwa nyuma). Nusu yake ya mbele hushika shafti ya trekta, nusu ya nyuma hushika propela. Trekta linapozungusha, nusu hizo mbili hung'ang'aniana na kwenda pamoja. Mashine ikizunguka kwa kasi kuliko trekta, huachiana. Ni kazi ileile ya friwili ya baiskeli: ukiacha kukanyaga, gurudumu linaendelea na pedali zinatulia.

Matrekta mengi ya sasa yanaweza kuishi bila kifaa hiki. Ya zamani hayawezi, hasa yakiendesha mashine ya kufyeka (mfyekeo) yenye visu vizito. Chukua Ford 9N, 2N na 8N, yaliyotengenezwa kati ya 1939 na 1952, au Ferguson TE20. Yana klachi moja tu, na PTO hupata nguvu ndani ya giaboksi, nyuma ya klachi hiyo. Ukikanyaga klachi, unachotenga ni injini peke yake. PTO na magurudumu ya nyuma hubaki yameungana kwa gia. Visu vya mfyekeo vilivyokwisha kushika kasi havisimami mara moja. Vinarudisha nguvu kwenye propela, propela inasukuma giaboksi, giaboksi inasukuma magurudumu, na trekta linaendelea kwenda huku mguu wako umekandamiza klachi hadi chini. Kutoa gia hapo ni kazi bure, kwa sababu meno yamebanwa na mzigo. Mkono wa PTO nao hukwama kwa sababu hiyohiyo. Breki zinabaki kupambana na uzito wa trekta pamoja na nguvu ya visu, na breki za umri huo hazina ubavu huo. Ua au mtaro ukiwa mbele, muda wa kufikiri haupo.

Matrekta yenye klachi ya hatua mbili yana nafuu: ukikanyaga nusu, magurudumu yanasimama na PTO inaendelea. Mashine nyepesi au zinazosimama zenyewe kwa msuguano, kama kichimba mashimo ya nguzo, nazo hazina shida hii. Tatizo ni mashine inayohifadhi mwendo: mfyekeo mzito, au mashine ya kufunga majani yenye gurudumu zito.

Kuna mkanganyiko mmoja wa kuondoa mapema. Klachi hii haizuii mzigo kupita kiasi. Kisu kikigonga jiwe au kisiki, kinachookoa giaboksi ni bolti ya kukatika au klachi ya msuguano kwenye propela. Hivyo ni vifaa vingine kabisa, na mfyekeo unahitaji kimoja kati ya hivyo pamoja na klachi ya upande mmoja.

Kabla ya kununua, zungusha kwa mkono propela uliyonayo, injini ikiwa imezimwa na PTO imeingizwa. Ikizunguka huru upande mmoja na kugoma upande wa pili, klachi imo tayari ndani yake. Ikigoma pande zote, hakuna.

Kisha pima shafti ya PTO. Hapa watu wengi hununua mara mbili. Kipimo kilichozoeleka cha PTO ya mizunguko 540 kwa dakika ni inchi 1 na 3/8 (karibu milimita 35) chenye meno 6. Ford za mfululizo wa N zilitoka kiwandani na shafti ya inchi 1 na 1/8, yaani milimita 28.6, pia meno 6. Kwa hizo nunua klachi inayoingia kwenye 1 na 1/8 upande wa trekta na kutoa 1 na 3/8 upande wa mashine. Kufunga kiunganishi cha kuongeza unene halafu klachi juu yake kunafanya kazi, ila urefu unazidi, na urefu ndio adui mkubwa wa kazi hii.

Kufunga kwenyewe hakuchukui muda. Zima injini, toa PTO, sugua meno ya shafti kwa brashi ya waya, ondoa ncha zilizochomoza kwa tupa na upake grisi kidogo. Klachi iingie kwa kusukumwa na mkono. Ikigoma, rudi kwenye tupa. Usigonge kwa nyundo, maana kila pigo linaishia kwenye beringi na sili za shafti ndani ya trekta. Kama shafti ina tundu, pini au bolti ipite katikati na ifungwe isitoke. Kama ina mfereji wa kuzunguka, kola ya klachi inapaswa kuingia humo na kubana; ivute kwa nguvu kuelekea nyuma uone kama inashika. Kichwa cha bolti kinachochomoza kinaweza kukamata nguo, kwa hiyo chagua urefu usiobakiza kitu nje.

Sasa jaribu mwelekeo. Ukisimama nyuma ya trekta ukiitazama PTO, inazunguka kama mishale ya saa. Ingiza PTO, injini ikiwa imezimwa, kisha shika nusu ya nyuma ya klachi: kufuata mishale ya saa izunguke huru, kinyume chake igome.

Baada ya hapo ndipo kazi halisi inaanza, kwa sababu klachi imesogeza propela nyuma kwa sentimita 10 au zaidi. Propela iliyokuwa inatosha sasa ni ndefu mno. Mashine ikinyanyuliwa, bomba la ndani hufika mwisho wa bomba la nje, na msukumo wote unakwenda kwenye beringi ya PTO upande mmoja na giaboksi ya mfyekeo upande mwingine. Kitu kitapasuka, na mara nyingi ni cha bei kuliko klachi yenyewe.

Kwenye Ford za N na Ferguson TE20 kuna jambo la ziada: pampu ya haidroliki inaendeshwa na shafti ya PTO, kwa hiyo mikono ya kunyanyulia mashine haipandi bila PTO kuzunguka. Usipime huku propela imefungwa kwenye trekta na injini inaunguruma. Nyanyua mashine propela ikiwa imetolewa, weka magogo imara chini yake, zima injini, ndipo ufunge nusu moja ya propela kwenye klachi na nyingine kwenye mashine, uzilaze sambamba. Tafuta kimo ambacho umbali ni mfupi kuliko vyote. Mara nyingi ni pale shafti ya trekta na ya mashine zinapotazamana kwa mstari ulionyooka. Kwenye kimo hicho acha nafasi ya milimita 25 kati ya ncha ya kila bomba na mwisho wa njia yake. Kata urefu uleule kwenye vipande vyote vinne: bomba la ndani, bomba la nje na kinga zake mbili za plastiki. Lainisha ncha kwa tupa, toa unga wote wa chuma, paka grisi. Halafu angalia kimo chenye umbali mrefu zaidi: mabomba yawe bado yameingiliana angalau theluthi moja ya urefu wake.

Krosi (viungio vya propela vinavyojikunja) nazo zimesogea nyuma, hivyo pembe imekuwa kali zaidi mashine ikiwa juu. Kama propela inagusa bati la mfyekeo, funga minyororo ya kuzuia mikono isipande kupita hapo. Kinga ya PTO iliyokuwa inafunika shafti sasa haifiki. Klachi inayozunguka wazi ni hatari sawa na shafti iliyo wazi, kwa hiyo tafuta kinga ndefu zaidi.

Jaribio la kwanza lifanyike uwanja tambarare, gia ndogo, bila mtu karibu. Kanyaga klachi: trekta lisimame na mfyekeo uendelee kuvuma. Klachi ya aina yenye vimeno vinavyosukumwa na springi hutoa mlio wa kukatakata, na huo ni mlio wa afya. Fahamu pia kwamba umepoteza breki ya injini: visu vitazunguka muda mrefu baada ya kuzima, usishuke hadi visimame kabisa.

Klachi hufa kwa njia mbili. Ikikosa grisi na kupata maji, vimeno hukwama kwa kutu na inashika pande zote. Trekta linaanza tena kusukumwa bila wewe kujua. Kwa sababu hiyo rudia jaribio la mkono kila siku ya kazi, na pampu moja au mbili za grisi nyepesi kwenye chuchu yake. Grisi nzito iliyojaa kupita kiasi nayo huzuia springi kurudisha vimeno. Njia ya pili ni vimeno kulika: mzigo ukipanda, klachi inateleza kwa kelele za kugongagonga, injini inapanda kasi na visu vinazubaa. Hiyo haitengenezwi kwa grisi, badilisha.