Mzee Arudishiwe Viatu Vyake

Nilimkuta kwenye kochi, blanketi magotini, viatu havionekani. Ilikuwa wiki ya tano tangu afanyiwe upasuaji wa moyo: kifua kilipasuliwa, mshipa ukatolewa mguuni na kuunganishwa moyoni ili damu ipite kando ya pale palipoziba. Nilipomwomba asimame, alimtazama bintiye kwanza.

"Daktari, huyu anataka kushuka kununua gazeti," bintiye akaniambia. "Ngazi zote hizi? Nimemfichia viatu."

Wanaishi mtaa wa Umoja, Nairobi, ghorofa ya tatu, na fleti haina lifti. Mimi si daktari, ni mtaalamu wa fiziotherapia, lakini nyumbani kwa wagonjwa jina hilo hunifuata. Sikumlaumu binti. Karatasi waliyotoka nayo hospitalini iliandikwa "apumzike", basi. Hakuna aliyewaeleza kupumzika huko kunaishia wapi.

Kwa mtu wa miaka 70 na kitu, kukaa kutwa ni hatari. Misuli ya mapaja hunyauka upesi, damu ya miguuni huzorota na inaweza kuganda, na moyo uliotibiwa kwa gharama kubwa hukosa kazi ya kuuimarisha. Huzuni nayo huingia polepole. Mzee huyu alinunua gazeti kwenye kibanda kilekile kila asubuhi tangu astaafu. Ningempa ratiba ya mazoezi, angeikunja na kuiweka chini ya mto. Gazeti alilitaka mwenyewe, kwa hiyo tukaanzia hapo.

Siku za kwanza alitembea dakika 5 kwenye korido, mara mbili au tatu kwa siku. Kisha akashuka hadi ghorofa ya pili, akapumzika, akarudi. Tunakolenga ni dakika 30 karibu kila siku. Kipimo ni mazungumzo: akiweza kukusimulia habari huku anatembea, mwendo unamfaa; maneno yakianza kukatika, apunguze. Kuhesabu mapigo ya moyo hakutoshi, kwa kuwa wagonjwa wengi wa moyo humeza dawa zinazoyazuia kupanda. Na mwezi wa Julai asitoke alfajiri, maana baridi hubana mishipa ya damu. Asubiri saa nne, jua likishachomoza vizuri.

Kinachonitia hofu zaidi ya ngazi ni jerikeni. Siku ya mgao maji yakija, kila mtu nyumbani huchota, na mzee hapendi kuonekana ameketi. Jerikeni ya lita 20 ina uzito wa kilo 20, na mfupa wa kidari uliofungwa kwa waya unahitaji wiki 6 hadi 12 kushikana. Kwa muda huo asiinue zaidi ya kilo 4 hivi, asijivute kwa reli ya ngazi, na akikohoa akumbatie mto kifuani.

Chumvi, Shirika la Afya Duniani linasema isifike gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyojificha kwenye mkate na viungo vya mchuzi vya pakiti. Naomba familia ipunguze kwenye sufuria ya wote. Mzee akipikiwa sukuma yake pembeni hujiona mgonjwa kila anapokula, na siku wageni wakija ataifuata nyama yao.

Dawa azimeze na chai ya asubuhi, asiziache kwa sababu anajisikia vizuri. Pesa zikipungua, tafadhali mwambieni daktari kabla ya kuruka hata kidonge kimoja; mara nyingi ipo ya bei nafuu inayofanya kazi ileile. Maumivu ya kifua, kuzirai, pumzi kukatika akiwa ameketi, kidonda kutoa usaha, au uzito kupanda kilo 2 ndani ya siku 3: hapo ni kwenda hospitali, msingoje siku ya kliniki.

Binti alitoa viatu siku hiyohiyo, kisha akaweka kiti cha plastiki kwenye ngazi, pale ghorofa ya pili. Mwanzoni mzee alikikalia akienda na akirudi. Wiki ya nane nilimkuta chini langoni, gazeti kwapani. Tukapanda pamoja akinisimulia habari za ukurasa wa michezo, na kile kiti tukakipita.