Bafu jipya, harufu ya shimo: maswali na majibu kwa wenye nyumba Lamu

Siku hizi nyumba nyingi za Mkomani na Langoni zimeongezewa bafu ghorofani, ama kwa ajili ya wageni ama kwa mtoto aliyeoa. Nyumba ni ya mawe na chokaa, bafu ni la vigae vya kisasa, na kati yao kuna bomba ambalo mara nyingi limepitishwa haraka haraka. Maswali yanayoulizwa ni haya.

Tunapiga deki kila siku na kufukiza udi, lakini bafu bado linanuka mayai viza. Ni uchafu?

Mara nyingi sivyo. Harufu hiyo ni ya hidrojeni salfaidi, hewa inayozaliwa kwenye shimo la choo, na inapanda kwa sababu haikukuta kizuizi. Kizuizi chenyewe ni maji. Chini ya kila sinki na chini ya tundu la sakafuni panatakiwa trapu, yaani kona ya bomba iliyopinda ili maji yabaki ndani yake saa zote. Kina cha maji hayo kikifika milimita 50, hewa ya shimo hubaki shimoni. Udi utafunika harufu kwa muda, huku hewa ikiendelea kuingia.

Jipimie mwenyewe kabla ya kumwita fundi. Funika tundu kwa kipande cha nailoni, kibandike vizuri, kiache usiku kucha. Asubuhi harufu ikiwa imekwisha, umeshajua inatokea wapi. Sasa mulika tundu kwa tochi. Usitumie kiberiti, kwa sababu hewa ya shimo ina methani nayo hushika moto. Mwaga nusu ndoo ya maji uangalie. Kama hayakai hata kidogo, trapu haipo au imepasuka. Kama yanakauka baada ya wiki kadhaa, ni joto tu. Lakini yakitoweka pale pale choo kinapoflashiwa, basi soma jibu linalofuata.

Tukiflashi choo, tundu la bafu linalia glu-glu. Kwa nini?

Bomba linatafuta pumzi. Ukiinamisha dumu la mafuta lililojaa, linatapika kwa vishindo mpaka ulitoboe upande wa juu. Ndivyo ilivyo hapo: maji mengi yakishuka kwa pamoja huvuta hewa nyuma yake, na kama hakuna bomba la hewa linaloelekea juu ya paa, yanaivuta kupitia trapu iliyo karibu na kunyonya maji yake yote. Bafu lilikuwa na kinga asubuhi. Baada ya mtu mmoja kwenda chooni, halina.

Ndiyo maana kumwaga maji kila siku hakutibu nyumba ya namna hii.

Hewa hiyo inadhuru, au ni kero tu?

Kwa kiasi kidogo huwasha macho, huumiza kichwa na kuleta kichefuchefu. Mwenye pumu hutaabika zaidi. Ukiona maumivu yanapoa ukishinda barazani na kurudi ukilala ndani, mweleze daktari habari za bafu pia.

Vijidudu navyo vinaweza kupita njia hiyo hiyo. Machi 2003, wakati wa ugonjwa wa SARS, wakazi zaidi ya 300 wa majengo ya Amoy Gardens, Hong Kong, waliambukizwa. Wachunguzi walizitaja trapu za sakafuni zilizokauka kuwa miongoni mwa njia zilizowezesha hilo, kwani feni za bafuni zilivuta matone kutoka mabomba ya choo hadi vyumbani. Kwa hiyo feni haiponyi bafu lisilo na trapu, huenda ikazidisha.

Na mbu je?

Hapa pwani swali hili lina uzito. Mbu aina ya Culex, ambaye hueneza minyoo ya matende na busha, hupenda kuzaliana katika maji machafu ya shimo, na bomba la hewa lililo wazi juu ni mlango wake. Funga wavu mdomoni mwa bomba, na ziba nyufa za mfuniko wa shimo. Kule Makunduchi, Zanzibar, mwishoni mwa miaka ya 1980 walimwaga chembe za polistirini zinazoelea juu ya maji ya mashimo ili mbu wakose pa kutagia, huku watu wakipewa dawa za matende, na mbu wakapungua sana.

Mbu wa chikungunya, iliyoikumba Lamu mwaka 2004, ni mwingine. Yeye anataka maji yaliyotulia kwenye mapipa na matangi. Wazee waliofuga visamaki ndani ya birika la bafuni walikuwa na akili.

Fundi aje afanye nini hasa?

Aweke trapu moja kwa kila kifaa. Mbili mfululizo hufungia hewa katikati, na maji yatakwenda kwa kusuasua. Bomba la maji machafu lishuke takriban sentimita 2.5 kwa kila mita. Likilala sawa, uchafu unaganda. Bomba la hewa lianzie karibu na trapu, lipande bila kushuka popote, litokeze juu ya paa na juu ya madirisha. Vichochoro vyetu ni vyembamba: mdomo wa bomba ukiishia chini ya dirisha la jirani, kusi ikivuma umemgawia harufu yako. Penye paa la makuti, fundi azibe vizuri pale bomba linapotokea, maana mvua itapita hapo na kuozesha boriti.

Kama kupanda hadi paani hakuwezekani, kuna valvu inayoruhusu hewa kuingia bombani bila kutoka. Inafaa kwa sinki au bafu moja, mradi mfumo una walau bomba moja la wazi mahali pengine. Kabla ya kutoboa ukuta wa nje wa nyumba ya mji wa kale, uliza kwanza ofisi ya uhifadhi ya Makumbusho.

Mwambie pia amwage ndoo ya maji na kuflashi choo mbele yako kabla hujamlipa salio.

Nyumba tunaifunga wageni wakipungua. Tukirudi inanuka.

Trapu zimekauka. Siku ya kufunga, jaza maji kila tundu kisha ongeza kijiko cha mafuta ya kupikia juu yake, hupunguza kukauka.

Shimo limeziba. Kijana wetu anaweza kushuka kulizibua?

Hata dakika moja, asishuke. Hidrojeni salfaidi ikiwa nyingi huua pua kwanza, mtu akadhani harufu imekwisha, kisha anaanguka. Aliyeanguka asifuatwe na mtu asiye na vifaa vya kupumulia, hata akiwa ndugu yake. Wengi hufa wakienda kuokoa. Iteni msaada, fungueni mfuniko wote, na mkae mbali na mdomo wa shimo.