Risiti ya kitu ambacho hujanunua: usipige ile namba

Juzi usiku mtu kanitumia skrinshoti, kaandika tu "nimekatwa hela, nifanyeje". Nilijua ni nini hata kabla sijafungua picha. Ni imeili ya risiti feki: asante kwa oda yako, namba ya oda ipo, tarehe ya leo ipo, kiasi 499.99, halafu chini kabisa: kama hukufanya manunuzi haya piga simu ndani ya saa 24 tukurudishie pesa yako. Linki hakuna hata moja. Na hapo ndo watu wengi wananaswa, maana tumeambiana miaka na miaka usibonyeze linki usibonyeze linki, sasa mtu akiona haina linki anajiona yuko salama, anapiga simu.

Nafanya kazi ya usalama wa mitandao na hizi za manunuzi feki ndo zinaniuma kuliko zote, kwa sababu zinamkamata mtu makini. Ile ya umeshinda bahati nasibu watu wameshaizoea wanafuta. Hii inakuja kwa mtu anayejali hela yake, anashtuka, anakasirika, anataka kuzuia wizi, na huo mshtuko wake ndo wanautaka.

Ukipiga anapokea mtu mpole sana. Anakuuliza namba ya oda, anajifanya anatafuta kwenye sistimu, anakwambia kweli naiona, ngoja tuifute. Kisha anakuomba uweke programu ya kumwonyesha skrini yako na kumwachia aiendeshe kompyuta, mara nyingi AnyDesk au TeamViewer, ambazo ni programu halali kabisa za mafundi ndo maana antivairasi inaweza isipige kelele. Ukishampa namba inayotokea kwenye skrini na ukamkubalia aingie, basi yumo. Anakwambia fungua akaunti yako ya benki tuone hela ikiingia, halafu anaifunika skrini kidogo. Ikirudi, unaona umerudishiwa 4,999 badala ya 499! Anaanza kulia, nitafukuzwa kazi, tafadhali nirudishie hiyo ya ziada, nenda kanunue kadi za zawadi unisomee namba za nyuma. Ila hakuna hela iliyoingia popote. Kahamisha salio lako mwenyewe kutoka akaunti moja kwenda nyingine, au kabadilisha tu tarakimu kwenye ukurasa uliofunguka kwenye brauza, kitu ambacho kinachukua sekunde chache na wala hakigusi benki, ukiufungua ukurasa upya namba ya zamani inarudi. Kuna waliofika hapo wakastuka, kuna ambao hawakustuka.

Sasa kuitambua. Angalia anwani yenyewe ya aliyetuma, sio jina, jina mtu anaandika analotaka. Ukikuta jina la kampuni kubwa halafu nyuma yake anwani ya Gmail, imeisha hiyo. Linki kama ipo, isome kuanzia kwenye mkwaju (/) wa kwanza baada ya jina la tovuti kurudi nyuma: paypal.com.malipo.example/ sio ya PayPal, ile huduma ya malipo ya mtandaoni, mwenye nyumba ni yule wa mwisho kabla ya mkwaju, yaani malipo.example. Invoisi (ankara) ikija kama picha au PDF tupu bila maandishi kwenye imeili yenyewe, mara nyingi wanakwepa vichujio vya imeili taka visisome maneno. Lakini usitegemee anwani peke yake, hili nalisisitiza, kwa sababu matapeli wanafungua akaunti PayPal kama mtu yeyote, wanatuma invoisi kwa mfumo halisi, na ile namba yao ya simu wanaiandika kwenye sehemu ya maelezo. Imeili inatoka PayPal kweli, namba sio ya PayPal.

Kwa hiyo mimi hata sihangaiki sana kuichunguza. Naiacha ilivyo, nafungua app ya benki au naandika mwenyewe anwani ya duka kwenye brauza, naangalia oda zangu. Kama hakuna oda na kadi haijakatwa, naripoti kama ulaghai nafuta. Kama hela imekatwa kweli, napiga namba iliyo nyuma ya kadi. Ile ya kwenye imeili siigusi kabisa, hata kwa kuwajaribu.

Na kama tayari umeshapiga na ukawaruhusu waingie, zima intaneti kwanza, chomoa waya au zima Wi-Fi, wakati huohuo piga benki kwa simu. Paswadi badilisha ukiwa kwenye kifaa kingine, anza na ya imeili maana ndo ufunguo wa zingine zote, toa kwenye akaunti vifaa vyote vilivyoingia, washa uthibitisho wa hatua mbili, na ingia kwenye mipangilio uangalie kama hawajaweka kufowadi imeili zako kwao, hii watu wanaisahau kila siku. Kompyuta mpe fundi aisafishe kabla hujafungulia tena benki.

Baada ya hapo tegemea simu nyingine wiki mbili tatu mbele, mtu anasema ni mwanasheria au mpelelezi, anajua kabisa ulitapeliwa shilingi ngapi, anaweza kukurudishia zote ila utangulize ada kidogo. Anajua kwa sababu ni walewale au wamemuuzia namba yako, usimlipe.