Je, wajua kwa nini mfupa mzima wa mtoto huonekana kama umekatika kwenye eksirei?

Msimu wa korosho huku Newala, watoto wako juu ya miti kufuata mabibo. Mpwa wangu wa miaka saba aliteleza akaangukia mkono, kifundo kikavimba. Tulipopewa picha ya eksirei nilishika kichwa: karibu na kiganja mstari mweusi ulipita mfupani upande hadi upande, na kipande cha mwisho kimekaa peke yake. Nikamwambia dada yangu mkono umekatika kabisa.

Mtaalamu wa mionzi akagusa ule mstari. "Hapa hapajavunjika, mjomba. Hapa ndipo anaporefukia." Palipoumia ni juu yake kidogo, mahali ambapo sikupatazama hata mara moja: ukingo wa mfupa ulikuwa umefanya kinundu. Mifupa ya watoto ni laini, mara nyingi hujikunja bila kukatika.

Eksirei ni picha ya kivuli. Simama chini ya mkorosho saa sita mchana: majani yanazuia jua, penye upenyo linapita. Mfupani, chokaa ndiyo majani. Inapozuia mionzi picha inabaki nyeupe. Mionzi inapopita, pana weusi. Ule mstari ni gegedu, tishu laini isiyo na chokaa ya kutosha. Ipo, ila haijakomaa, kama nyama ya dafu kabla haijawa nazi. Seli zake huongezeka na kugeuka mfupa, mkono ukarefuka.

Kiwiko kinashangaza zaidi. Ncha zake zina vituo sita, yaani sehemu ambapo gegedu huanza kugeuka mfupa: cha kwanza huonekana karibu na mwaka mmoja, cha mwisho karibu na miaka 11. Kabla ya hapo vipande huonekana vinaelea. Ndiyo maana daktari huuliza umri kwanza, na pengine hupiga picha mkono wa pili usioumia alinganishe.

Lakini picha safi nayo haimalizi shauri. Gegedu lenyewe likiumia bila kuhama, eksirei inaweza isionyeshe kitu. Hapo kidole cha daktari kinachobonyeza panapouma kina uzito, na huenda picha ikarudiwa baada ya wiki moja au mbili. Altrasaundi huweza kuliona gegedu, tena bila mionzi, ila inategemea sana mkono wa anayeishika.

Mpwa wangu alifunguliwa plasta baada ya wiki tatu. Mstari wake mweusi bado upo, na utaendelea kuwepo mpaka amalize kurefuka.